Dakika Ishirini na Tisa za Mzee Mabula

Mimi Anatoli, mwenye studio ya picha za pasipoti karibu na stendi ya Bariadi, si mtu wa kusifia mafundi wenzangu. Nyanjige namsifia kwa shingo upande, na kwa sababu amenilazimisha.

Tulikutana kanisani miaka sita iliyopita. Nilikuwa narekodi ndoa kwa kamera yangu, hizi zetu za kupigia picha ambazo zinachukua na video. Padri alihubiri mpaka watoto wakasinzia. Mwanamke mmoja aliyekaa benchi la nyuma akaninong'oneza kwamba kamera yangu imelala. Nilimwambia asinifundishe kazi. Kumbe kamera ya aina ile ikifika dakika ishirini na tisa na sekunde hamsini na tisa hujikata yenyewe, na mimi sikuwa nimeitazama. Maharusi wale hadi leo wana mahubiri yote na keki yote, ila hawana kiapo. Niliwaambia tatizo ni umeme, ilhali kamera inatumia betri.

Yule mwanamke ndiye Nyanjige, mzaliwa wa Mwamanyili, wakati huo fundi cherehani. Baadaye aliuza cherehani akanunua kamera iliyotumika, nami nikamcheka mbele za watu. Mdharau mwiba mguu huota tende. Mwaka jana mwezi wa saba, mimi ndiye niliyekuwa nimembebea stendi ya kamera kwenda kijijini Ipililo.

Kazi yenyewe ilitoka kwa Jenifer, nesi wa hapa mjini, aliyekuwa anaolewa Jumamosi. Baba yake, Mzee Mabula, alikuwa amepooza upande mmoja na hawezi safari. Tena walikuwa hawajaongea vizuri tangu binti alipokataa mchumba mwenye ng'ombe wengi akaenda kusomea uuguzi. Mzee alikuwa amekubali kusema neno mbele ya kamera, likaonyeshwe ukumbini. Jenifer alituambia waziwazi kwamba hataki hotuba. Anataka kusikia kama baba anambariki, basi.

Tulipofika, Nyanjige alipiga magoti akasalimia, "Mwadila, bhabha," kisha akaanza kuuliza maswali ambayo mimi niliyaona ya kipuuzi. Upepo hutoka wapi jioni? Ng'ombe hurudi saa ngapi? Mama wa nyumba, Mayige, akajibu kwamba hurudi saa kumi na moja na nusu, hawakosei. Nyanjige akamkalisha mzee mlangoni, penye mwanga mzuri, uso ukielekea zizini. Akambania kimaiki kwenye kola ya shati, waya ukaenda hadi kwenye kamera. Upepo ulipoanza kuvuma ndani ya sauti, akachomoa pamba kwenye gunia lililokuwa pale kibarazani, akakizungushia kile kimaiki. Ukivaa hedifoni ulikuwa unasikia mzee anavyopumua. Ningekuwa mimi ningeomba tuhamie ndani, gizani.

Mzee alitoa sharti moja. "Neno la mzazi halikatizwi na halirudiwi. Likitoka limetoka."

Nikamtazama Nyanjige. Kamera ilikuwa moja, na ukiisimamisha na kuiwasha upya unapoteza maneno ya katikati. Yeye akaitikia tu kwa kichwa, akabonyeza saa kumi na moja na dakika tano.

Mzee Mabula alianza mbali. Alisema ukoo wao ulitoka wapi, nani alifyeka pori lile, mwaka gani mvua iligoma, pamba gani ilikuwa pamba na hii ya siku hizi ni nini. Dakika kumi. Ishirini. Jina la Jenifer hakulitaja hata mara moja. Dakika ya ishirini na sita jasho lilinitoka, maana niliijua ile saa na nilijua inavyokata. Nilimwonyesha Nyanjige kwa vidole. Hakunitazama. Alikuwa anasikiliza kitu kingine, na mimi nilipotega sikio nikasikia kengele za ng'ombe.

Kundi likaingia. Hakuna mfugaji atakayeendelea kuongea wakati mifugo yake inapita mbele yake. Mzee akanyamaza, macho yakihesabu. Ilikuwa dakika ya ishirini na nane. Nyanjige akasimamisha, akawasha upya, na ile nukta nyekundu ikarudi. Mimi ningeigeuza kamera kwenye ng'ombe, maana wanapendeza. Yeye aliiacha kwenye uso wa mzee.

Ng'ombe wa mwisho alikuwa mweupe, wa makamo. Mzee akamfuata kwa macho, akasema Kisukuma, polepole, nami nakiandika kwa Kiswahili:

"Yule ni wa Jenifer. Akiwa ndama mama yake alikufa, binti yangu akamnywesha kwa chupa, nikamcheka. Leo amezaa mara nne. Na uuguzi wake niliucheka hivyo hivyo. Nilikosea. Ng'wana wane, mwanangu, nenda na amani, nyumba yako isikose maziwa."

Kisha akafumba macho. Kamera isingewashwa upya, ingejikata kabla hajamaliza. Nilijisikia mdogo, na niliona fahari kuwa nimebeba ile stendi.

Jumamosi, ukumbini, Jenifer aliposikia jina lake alishuka jukwaani na shela lake, akapiga magoti mbele ya shuka jeupe tuliloonyeshea video, kama binti anavyomsalimia baba yake. Watu wakadai irudiwe. Nyanjige akakataa, akasema mzee alishasema halirudiwi. Nilipogeuka nikaona kamera yake mwenyewe iko kwenye stendi, nukta nyekundu inawaka. Alikuwa ameyachukua yale magoti.

Jumatatu tulirudi Ipililo bila kuitwa. Nyanjige akamwonyesha mzee yale magoti kwenye kioo kidogo cha kamera. Mzee Mabula alitazama, akainua mkono wake mzima, akaulaza juu ya kioo, pale kilipokuwa kichwa cha binti. Nyanjige aliishika kamera kwa mikono miwili, amepiga magoti, hakusogea mpaka mzee alipouondoa mkono mwenyewe.