Mama alimwagia marashi tundu la tarantula wa marehemu mdogo wangu

Salaam zenu wakuu, na nyinyi mnaosoma kimya kimya bila kuchangia, nawaona pia.

Haya yametokea nyumbani kwetu, Mji wa Kale, Mombasa. Sijatia chumvi hata chembe. Ningekuwa natunga, wallahi ningetunga jambo la kheri.

Uzi huu ni wa wanaofuga tarantula, au wanaoishi na mtu anayefuga. Wale wa "hayo ni majini" naomba mtulie kidogo leo. Nyumba ina msiba.

Mdogo wangu, Faraj, alifuga tarantula jike chumbani mwake ghorofani, kwenye tanki la kioo. Kwa wasiomjua, ni buibui mwenye manyoya, akikunjua miguu anajaza kiganja cha mkono. Alipewa na rafiki yake wa Tononoka ambaye naye ni mfugaji.

Siku ya kwanza mama alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Wenzio waleta wake, wewe waniletea buibui?"

Lakini hakuthubutu kusema atupwe. Sisi tumelelewa kwamba buibui hauawi, kwa heshima ya yule aliyetanda utando mlangoni mwa pango alimojificha Mtume. Faraj alilijua hilo, mjanja yule, akalitumia.

Akampa jina Bi Harusi, kwa sababu kazi yake ilikuwa kukaa ndani tu. Watu walipanda ngazi zetu wakihema kuja kumwona, wakaishia kuona udongo na tundu.

Hapa nieleze kidogo, maana wengi hununua tarantula wakitaka pambo la sebuleni, halafu wanalalamika.

Aina ile ni ya kuchimba. Hapendi mwanga, hapendi kelele, hapendi hata ukipita karibu kwa kishindo. Tundu ndiyo nguo yake. Faraj alimwekea udongo wa kina kirefu, naye buibui akachimba, akatandika utando mdomoni mwa tundu, akawa anakaa pale ndani anangoja mende apite. Ukiona miguu miwili inachungulia, siku hiyo una bahati. Kujificha kwake si ugonjwa wala si kiburi. Ndivyo alivyoumbwa.

Mama alianza kumzoea. Kwanza kwa matusi, kisha kwa maswali, mwishowe nikamkuta anamwambia Faraj, "Mkweo hajala, hebu mtazame." Faraj akacheka sana, akamwambia, "Mkwe ni wewe, mama, mimi ni mume."

Kisha Faraj akaugua. Tulidhani ni homa tu, itakwisha. Tukampeleka hospitali, akalazwa, hakurudi.

Alikata roho asubuhi. Mimi na mjomba ndio tuliokuwa naye.

Sasa mnaijua desturi yetu ya kumficha mama habari mpaka jamaa wakusanyike, ili isimwangukie akiwa peke yake. Mjomba aliniambia nipige simu. Nikapiga.

"Amelala, mama. Amepumzika tu, asisumbuliwe."

Mama akasema alhamdulillahi, akaingia jikoni kumpikia uji. Uji ulikuwa bado motoni alipoona watu wanashusha majamvi barazani.

Tulimzika siku ile ile, alasiri. Kwetu wanawake hawafuati jeneza. Mimi nilishuka kaburini, nikampokea mdogo wangu kwa mikono yangu hii. Udongo ulipojazwa, nikamwagia marashi ya mawaridi juu, tukaweka majani ya rehani yanayonukia, tukaomba. Mama alibaki nyumbani na wanawake wenziwe. Kaburi hajaliona hadi leo. Magoti yanamsumbua, na nikimwambia nimpeleke kwa gari husema kesho.

Hitma ikapita, watu wakarudi makwao, mama akahamia chumba cha Faraj.

Akawa yeye ndiye mwenye buibui. Anambadilishia maji kwenye kisosi, anamtilia mende wale wa kufuga ambao Faraj aliwaacha kwenye ndoo. Anakaa kitini na tasbihi yake, macho kwenye tanki. Nikitoka kazini Kilindini namkuta pale pale.

Kula kulikuwa shida. Alikuwa akionja vijiko viwili, anasukuma sahani. Lakini nikagundua jambo: siku Bi Harusi akila, mama naye hula. Siku Bi Harusi akitoka kidogo kuchungulia, mama hushuka chini, huuliza bei ya samaki, hunigombeza kama zamani. Nikawa namwombea dua mdudu. Chekeni mkitaka.

Halafu Bi Harusi akaacha kula.

Rangi ikafifia, ikawa ya vumbi. Mende wakawa wanapita mbele yake hawagusi. Siku moja tukaamka tundu limezibwa kabisa, udongo umeshikanishwa na utando, huoni hata unyoya.

Mama akaacha chakula siku hiyo hiyo. Chai tu, na hiyo nusu.

Nikampigia yule rafiki wa Tononoka. Alinieleza vizuri, nami nawapa kama alivyonipa. Tarantula anapotaka kujivua gamba hukataa chakula, hufifia, hujifungia ndani. Hulala chali, ngozi ya zamani ikapasuka, akajitoa mguu mmoja mmoja. Akimaliza anakuwa mlaini kabisa, chochote kinaweza kumuua, ndiyo maana haondoi kizibo mpaka mwili ukaze. Inaweza kuchukua wiki nyingi. Usichimbe, usimtilie mende, usimpekue. Ngoja.

Nikapanda ngazi mbio, nimefurahi. Mara ya kwanza nafurahi tangu msiba. Nikapiga magoti mbele ya kiti cha mama.

"Mama, Bi Harusi hajafa. Amelala tu. Amepumzika, asisumbuliwe."

Mama alinitazama mpaka nikaona haya bila kujua kwa nini.

"Ndiyo yayo hayo mulonambia kwa Faraj," akasema. "Neno kwa neno."

Jamani! Sikuwa nimelikumbuka, yeye alikuwa amelishika.

Nikamwonyesha video za tarantula wakijivua gamba, akageuza uso: "Na simu zenu hizo." Nikampigia yule rafiki azungumze naye mwenyewe. Mama alimsikiliza kwa adabu, akamwambia ahsante mwanangu, akanirudishia simu. "Nawe umemfunza la kusema."

Kila nilichoongeza kilizidi kumhakikishia. Nikaona ninyamaze, tarantula atatoka mwenyewe, mama ataona kwa macho yake. Nikawa naomba atoke upesi, maana mama alikuwa anakonda na sauti imeanza kukauka.

Ijumaa nimetoka msikitini, naingia nyumbani, harufu ya marashi ikanipokea ngazini.

Nikajua. Sijui nilijuaje, lakini nilijua kabla sijafika juu.

Mama alikuwa na leso yake ya kusalia, msahafu mapajani, amemaliza Yasini. Kifuniko cha tanki kiko chini. Udongo wote umelowa, maji yamesimama juu ya kizibo yanazama taratibu, rehani na asumini zimetandazwa juu. Chupa ya marashi tupu, na nyingine pembeni nayo tupu.

Uso wake ulikuwa umetulia. Sijauona hivyo tangu Faraj alipolazwa.

"Faraj sikumwagia," akasema. "Hamkunipa nafasi. Basi huyu nimemwagia."

Nikamwambia sawa mama, shuka upumzike. Akashuka ameshika ukuta.

Nikachukua kijiko nikachimba. Kizibo kilikuwa tope. Nikakuta gamba kwanza, la rangi ya vumbi, tupu, limepasuka vizuri kama alivyoniambia yule rafiki. Alikuwa amemaliza kazi yake. Kando yake alikuwa mwenyewe, mkubwa kuliko zamani, rangi imerudi nyeusi inang'aa, mlaini kama mkate uliolowa. Marashi yalikuwa yamejaa tundu zima.

Nikamweka juu ya kitambaa kikavu. Nikangoja, nikampepea kwa bahasha, mtu mzima mimi. Miguu ikakunjika taratibu chini ya tumbo, ikabaki hivyo. Nikalia, wakuu. Faraj sikumlilia hivyo, nilikuwa nashughulika na watu.

Nikasikia hatua. Mama amerudi, amesimama mlangoni, anahema.

"Nambia kweli. Alikuwa amekufa, au alikuwa hai?"

Gamba lilikuwa mkononi mwangu. Nikalifumba.

Nikafikiri: huyu mama alizika kitu kimoja tu kwa mkono wake. Nikimwambia kweli, nimwambie nini? Kwamba alichokipenda kilikuwa hai, na dua yake ndiyo iliyokizamisha?

"Alikuwa amekufa kitambo, mama," nikasema. "Wewe ulikuwa na haki. Nisamehe."

Akavuta pumzi ndefu. Akaja akanishika kichwa kama nilipokuwa mdogo.

"Leo ndipo umenambia kweli," akasema. Kisha akauliza kama kuna mkate wa mofa chini, na mchuzi wa jana.

Basi wakuu, funzo ndilo hili. Tarantula akiziba tundu lake, mwacheni. Msichimbe, msimwage chochote, na watu wote wa nyumbani waelezwe mapema, wakati bado mnacheka, si wakati wa msiba. Kujificha si kufa.

La pili linaniuma zaidi. Tunaficha vifo kwa huruma, tukidhani tunamsitiri mtu. Siku ukija na habari njema ya kweli, huna tena sauti ya kumwambia.

Yule rafiki wa Tononoka ananisihi nimwambie mama. Anasema kweli huuma mara moja. Mimi gamba nimelificha kabatini ofisini, na sijui nifanye nini nalo. Mngekuwa nyinyi mngefanyaje? Changieni, wa kunitukana anitukane hapa hapa, asinifuate faraghani.

Mama sasa anakula vizuri. Kila akimaliza sahani hunyanyua mikono akaniombea dua, na wageni wakija huwaambia kwamba nyumba hii nzima ni mimi peke yangu nisiyemficha kitu.