Wiki Tatu na Wageni wa Bukavu

Mwaka ule nilikuwa mshonaji mtaani Rugenge, hapa Uvira, na kazi niliyojivunia kuliko zote ilikuwa jezi kumi za ekipi yetu ya basketi. Nilizishona kwa kitambaa cha mapazia, maana uhuru ulikuwa umetuletea mambo mengi lakini kitambaa cha jezi hakikuwamo. Tangu siku hiyo nilijiona nina haki ya kusema lolote juu ya mchezo ule, ingawa kanuni zake nilizijua nusunusu.

Mashabiki wakubwa tulikuwa wanne. Kulikuwa na kinyozi, aliyewahi kufanya kazi Bujumbura na kurudi na filimbi. Kwa sababu ya filimbi hiyo akawa arbitri wa mechi zote. Kulikuwa na karani wa posta, mwenye saa ya mkononi, kwa hiyo yeye alipima muda. Shangazi yangu, ambaye nilikaa kwake, aliuza samaki ufukweni. Hakuwa na filimbi wala saa, lakini sauti yake ilitosha kumfanya mchezaji mgeni aachie mpira. Kwamba arbitri na mpima muda wote walikuwa mashabiki wetu, jambo hilo halikutukosesha usingizi.

Duru ya kwanza ya mashindano ya mwaka ule tuliwatoa vijana wa Lemera. Walishuka kutoka milimani wakiwa na mapafu ya ajabu, wakakimbia mechi nzima bila kuhema, ila uwanja wao wa kule juu uko kwenye mteremko, na huku kwetu kwenye tambarare kila mpira waliourusha ulikwenda pembeni. Sasa duru iliyofuata tulipangiwa Bukavu, nao wangekuja kwetu Jumapili. Wiki nzima tulikaa mbele ya nyumba ya kinyozi tukipima nafasi yetu.

“Miye nawaambia ukweli, hatuna nafasi,” alisema karani. “Bale batu ba Bukavu banacheza tangu batoto. Kapteni wao akinyoosha mukono tu, anagusa kikapu.”

“Weye ulimwona wapi?” shangazi akamuuliza.

“Nilisikia.”

“Ulisikia kwa nani?”

Karani akaanza kufuta kioo cha saa yake. Sote tulijua: alikuwa ameisoma habari hiyo katika barua, na barua yenyewe haikuwa yake.

Kinyozi alisema tusiogope urefu, kwa sababu mtu mrefu huchelewa kugeuka. Mimi nikasema jezi zetu zina rangi ya kijani kibichi inayoumiza macho, huenda ikasaidia. Shangazi alitusikiliza, akanusa ugoro kidogo, kisha akatoa mpango wake.

“Bukavu iko baridi,” alisema. “Hawa watoto hawajui jua yetu ya saa nane. Sasa tubapokee vizuri. Bugali nzito, samaki ya mukeke ya kukaanga, mawese, majani ya sombe. Mbele ya mechi. Tena mutu asikubali sahani irudi na kitu ndani. Akishiba vile, ataruka aende wapi?”

Tukatazamana. Hakuna dini inayokataza kumkirimu mgeni. Siku ile ile nilianza kuzunguka mtaani kukusanya unga.

Walifika Jumamosi mchana kwa kamyo, wachezaji wanane. Kapteni alipoteremka tulidhani amesimama, kumbe alikuwa bado ameinama. Alipojinyoosha sawasawa karani alinitazama kwa huruma. Lakini alikuwa kijana mwenye adabu. Alimshika shangazi mkono kwa mikono miwili, akamwita mama, akauliza kama kuna maji ya kuoga. Shangazi alirudi jikoni akiwa amekasirika. “Huyu analelewa vizuri,” aliniambia. “Hiyo inaniharibia kazi.”

Jioni hiyo watu wa Mutarule walianza kuingia mjini na magodoro vichwani. Walisema vita ya waasi na serikali imeshuka kwenye bonde la Ruzizi, na barabara ya Bukavu imefungwa. Jumapili, badala ya filimbi ya kinyozi, tulisikia risasi upande wa kaskazini. Katikati ya wiki askari wa serikali walikuwa wameshaondoka, na waasi waliingia mjini kwa miguu, wamejifunga majani vichwani na ngozi za wanyama mikononi, wakiimba.

Kwa hiyo wale wageni tuliopanga kuwalisha mlo mmoja, tukawalisha wiki tatu.

Tuliwagawa majumbani. Kinyozi alimchukua kapteni, ambaye alilala kwa kujikunja kama waya. Wawili walikuja kwetu. Shangazi aliwavua soksi zao nyeupe, akawapa vitenge vya kujifunga, na akawapeleka ufukweni kutandaza ndagala, wale samaki wadogo, juani, ili waasi wakiuliza kama kuna watu wa Bukavu, mji wa serikali, waambiwe ni wapwa zake. Ila mpwa gani wa muuza samaki anayeshika ndagala mmoja mmoja kwa vidole viwili, kama anaokota sindano? Kila mara nilipopita nilicheka mpaka nikashika ubavu.

Si kwamba tulicheka siku zote. Mwalimu aliyeishi nyumba ya tatu kutoka kwetu alichukuliwa na waasi asubuhi moja kwa sababu alikuwa na miwani na suti, na hatukumwona tena. Mke wake alikuja kwangu na suti yake ya pili, akaomba niipunguze iwe ya mtoto. Niliishona siku ile ile. Hofu ilikuwa imekaa nasi kila nyumba. Labda ndiyo maana tulikazana kuzungumza basketi.

Na tulizungumza kweli. Wageni wenyewe walikuwa palepale mbele ya nyumba ya kinyozi, nasi tuliwachunguza waziwazi.

“Kapteni hapendi kwenda kushoto,” karani alininong’oneza. “Nimeona hata akichota maji.”

“Yule mufupi haoni vizuri jua ikishuka,” alisema kinyozi. “Jana alisalimia mbuzi.”

Kwa hesabu zetu, wiki ya kwanza tulikuwa tunashindwa kwa pointi ishirini. Wiki ya pili, wageni walipoanza kunenepa, tulikuwa tunashinda kwa sita. Shangazi peke yake alianza kuyumba. Nilimkuta akimwekea yule mfupi kichwa cha samaki, sehemu ambayo hata mimi sijawahi kupewa.

“Ni ya kumufanya awe muzito,” alisema, bila kunitazama usoni.

Wiki ya tatu mtu alikwenda kusema kwa waasi. Hatukujua ni nani. Asubuhi moja alikuja komanda wa waasi na wapiganaji wanne, akasimama ufukweni, akawatazama wapwa wa shangazi.

“Nimeambiwa hapa kuna askari wanane wa Bukavu,” alisema.

“Si askari, Komanda,” shangazi akajibu. “Ni wachezaji.”

“Wanacheza nini?”

“Wanatia mupira ndani ya kitunga.”

Komanda alifikiri kidogo. “Ndani ya kitunga kuna nini?”

“Haina kitu.”

“Mupira ukiingia, nani anautoa?”

“Unatoka wenyewe. Kitunga imetoboka chini.”

Nilimwona komanda akikunja uso. Alimgeukia mpiganaji wa karibu, kisha akarudi kwa shangazi. “Mama, unanieleza watu wazima wanane wametoka Bukavu, wakapita njia yote ile, kuja kutia mupira ndani ya kitunga yenye kutoboka?”

Maneno yalikuwa ya kweli tupu, na kamwe sijasikia ukweli unaofanana na uongo kiasi kile. Wale vijana wawili walikuwa wamesimama na ndagala vidoleni. Ndipo kinyozi alipofika mbio, filimbi shingoni, akasema: “Komanda, uje uone mwenyewe. Tucheze leo.”

Hivyo ndivyo mechi yetu ilivyochezwa, wiki tatu baada ya siku yake, kwenye uwanja wa udongo karibu na misheni, saa nane mchana kama shangazi alivyotaka. Nilitoa zile jezi sandukuni. Mtaa mzima ulikuja; nusu walikuja kutazama mechi, nusu kutazama kama watu watauawa. Wapiganaji walikaa upande mmoja peke yao, kwa sababu dawa yao ya kuzuia risasi iliwakataza kuguswa na watu ovyo. Kila mpira ulipoelekea kwao waliruka juu wote pamoja, na watu wakauma midomo wasicheke.

Ilikuwa mechi mbaya sana. Wageni walikuwa wazito, kweli, wameshiba bugali ya siku ishirini. Lakini wetu nao walikuwa wamekula kwenye sahani zilezile, jambo ambalo hakuna aliyelifikiria. Watu kumi walikuwa wanakokota miguu juani. Kapteni wa Bukavu hakwenda kushoto hata mara moja, wala hakuhitaji. Alisimama chini ya kikapu, akanyoosha mkono, basi. Karani alipoinua mkono kuonyesha muda umekwisha, wageni walikuwa na thelathini na moja, sisi ishirini na nane.

Kinyozi akapuliza filimbi.

“Nini hiyo?” komanda akauliza.

“Imeisha, Komanda.”

“Nani ameshinda?”

Kinyozi akashusha filimbi. “Bukavu.”

Bukavu ilikuwa bado mikononi mwa serikali. Kila mtu alijua neno hilo lilivyosikika.

“Nani amesema imeisha?”

“Saa.”

“Saa ya nani?”

Karani akainua kidole, polepole.

“Ilete.”

Akaileta. Komanda aliitazama, akaitia mfukoni, akafunga kifungo cha mfuko. “Sasa haijaisha,” alisema. “Endeleeni.”

Wakaendelea. Tulikuwa tumeomba ushindi mwezi mzima, na sasa vijana wetu walipewa muda wote waliotaka, wakashindwa kuutumia. Walirusha, mpira ukagonga ubao. Walirusha tena, ukapita juu ya ubao, ukawafanya wapiganaji waruke. Mmoja wetu alikaa chini katikati ya uwanja akavua kiatu. Kinyozi alijaribu kuwapa mipira ya adhabu, waliikosa yote. Jua lilianza kuinamia milima. Komanda alikuwa ameacha kutabasamu, na mpiganaji mmoja alikuwa amechukua bunduki yake na kuiweka magotini.

Ndipo nilipomwona kapteni wa Bukavu akimtazama shangazi. Shangazi hakufanya ishara yoyote, naapa. Kijana alichukua mpira, akaudundisha mpaka upande wake mwenyewe, kwa mkono wa kushoto, mkono ambao tulisema haujui kitu, akautia kwenye kikapu chake. Wenzake walisimama kama nguzo. Wetu nao walishangaa, hata mpira ulipomrudia hakuna aliyemzuia. Akautia mara ya pili.

Thelathini na mbili kwa thelathini na moja. Kinyozi alipuliza filimbi mpaka mishipa ya shingo ikasimama.

“Hiyo ni yetu?” komanda akauliza.

“Ni yetu, Komanda.”

“Hata kama aliyetia ni yeye?”

“Kanuni inasema hivyo.”

Komanda aliinuka, akaingia uwanjani, akamzunguka kapteni kama mtu anayenunua ng’ombe. Mimi nilikuwa nimeshika mkono wa shangazi, na ulikuwa baridi.

“Mumeona?” komanda akawaambia watu wake. “Huyu ameacha upande wake. Amejiunga na sisi.”

Wapiganaji wakashangilia. Kapteni alisimama katikati yao, jasho likimtiririka, akisema ndiyo, ndiyo, Komanda. Na komanda aliomba karatasi, akaandika kwa mkono wake kwamba vijana hawa wanane ni wenzetu na wasisumbuliwe. Siku ya pili yake, wakiwa na karatasi hiyo, walipanda mtumbwi wa jirani yetu wakavuka kwenda Bujumbura, na kutoka kule wakazunguka kwa Rwanda hadi nyumbani. Shangazi aliwafungia ndagala kwenye majani ya mgomba. Yule mfupi alilia. Shangazi alimfokea kwamba anapoteza chumvi bure, kisha akaenda nyuma ya nyumba akakaa huko muda mrefu.

Ile saa haikurudi. Karani alikwenda mara moja kuiuliza, akaulizwa ni saa ngapi, akasema hajui, akaambiwa basi aende.

Kilichobaki ni ushindi, na hatukujua tuufanye nini. Kinyozi alidai ni halali kabisa, umepulizwa filimbi. Karani alisema mechi isiyo na saa haina mwisho, kwa hiyo mpaka sasa inaendelea. Shangazi alikataa hata kuutaja. “Yule mutoto alitupatia,” alisema, “na kitu umepewa haujakishinda.” Mimi nilikuwa upande wa kinyozi, kwa sababu ya jezi, ingawa usiku kitandani nilikuwa upande wa shangazi.

Lakini kwa hesabu ya pointi tulikuwa tumepita. Mashindano yenyewe hayakuwapo tena. Hapakuwa na barabara, wala barua, wala wakubwa wa kupanga mechi. Hata hivyo wiki iliyofuata karani alifika kwa kinyozi, akavuta kigoda, akasema amefanya hesabu, na kwamba duru ijayo lazima ni Kisangani.

“Kisangani banacheza namna gani?” kinyozi akauliza.

“Sijui. Barua haziji.”

Tukakaa tukiwafikiria watu wa Kisangani ambao hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuwaona. Shangazi alikuwa anapita na beseni lake kichwani. Alisimama.

“Warefu?” akauliza.