Begi la Kamili Ngokolo

Kaka yangu Kamili alikuja likizo kwangu, Ngokolo. Hata chai hajamaliza, ameshapanga: leo alale Kahama kwa shemeji, arudi, keshokutwa Ushirombo kwa shangazi, arudi, halafu Geita. Barabara ni hiyo hiyo moja, kwa nini asiunganishe?

"Begi langu liko hapa," akanijibu. Jibu gani hilo?

Kila safari alirudi na kuku hai, zawadi ya kumuaga mgeni. Anamfungia uani, anaoga, anaondoka. Mimi sijui nipike chakula cha wangapi, wala kama nitandike kitanda.

Likizo ilipoisha akabeba begi. Nikamkabidhi kuku wake watatu, nikaongeza jogoo wangu.

"Huyu wa nini tena?"

"Wa kukuaga, kaka. Ila niambie, ulifika lini?"