Paka Asiyejua Panya

Kijana wa chumba jirani alinifuata karakanani badala ya kuningoja nyumbani, na hapo nikajua jambo si dogo. Karakana yangu ni kibanda cha kando ya barabara, ukitoka Kabiro kuelekea Satellite, na yeye ni kibarua wa mjengo ambaye asubuhi ile alipaswa kuwa kazini anabeba kokoto. Hakuketi. Alitoa pakiti ya dawa ya panya mfukoni, akaiweka juu ya ubao niliokuwa nikiupiga randa.

"Mzee, nimeona nikuambie mapema," akasema. "Leo jioni natega. Fungia huyo paka wako."

Katika ploti yetu ya vyumba vya kupanga hiyo ni heshima. Mtu hatupi sumu kimyakimya. Hupita mlango kwa mlango kwanza, awaambie wenye kuku na wenye paka wachunge mali yao, na baada ya hapo kila mtu na lake. Kwa hiyo sikuwa na neno la kumlaumu. Nilimuuliza tu kumetokea nini, akanieleza kwamba mtoto wake, kachanga ambako hata kugeuka hakajui, kaliumwa na panya kwenye kidole cha mguu. Waliamshwa na kilio wakakuta damu kwenye shuka. Walikuwa wametoka kliniki, mtoto amedungwa sindano, na mama yake analia kuliko mtoto.

Nilimpa pole, na niliitoa moyoni. Kisha nikamwomba asitege.

Aliniangalia kama mtu aliyesikia upuzi. "Si ni wewe ulifunga huko juu na plywood?" akauliza. "Panya wako wote si walihamia kwangu?"

Lazima nieleze. Vyumba vyetu ni vya mabati, vyote chini ya paa moja, na kuta hazifiki juu. Kati ya ukuta na paa kuna nafasi ya mkono mzima, na humo hupita hewa, harufu ya samaki, ugomvi wa mke na mume, na panya. Nilipomleta paka wangu, kitoto nilichokiokota kwenye yadi ya mbao kikiwa hakijafumbua macho vizuri, nilichukua mabaki ya plaiwudi nikaziba nafasi yangu yote. Mimi ni seremala na nikiziba nimeziba. Mlango niliufunga, dirisha nikalitia wavu, na choo chake kikawa beseni la maranda, ambayo ninayo ya bure.

Sababu yangu ilikuwa Kianda. Nilipokuwa nikiishi Kianda nilikuwa na paka dume la rangi ya chungwa lililotembea litakako, kichochoro kizima kikilijua. Jioni moja lilirudi likitokwa na mate, miguu ikitetemeka, likaingia chini ya kitanda na kufia huko nikiwa bado nakimbilia maziwa dukani. Hakuna aliyekuwa amelitegea. Lilikula panya ambaye alikuwa amekula sumu ya mtu mwingine. Nililia, mtu mzima mwenye wajukuu, na majirani wakacheka kwamba fundi anamlilia paka. Wahenga walisema mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mimi nilishtuka mpaka nikaujengea ukuta.

Kina mama wa ploti walikuwa wakija kumwazima paka yule mpya jinsi mtu anavyoazima panga. Niazime paka leo tu, kesho nakurudishia. Nilikataa kila mara, wakaanza kumwita bibi mdogo na kuniuliza kama mke wangu, aliye nyumbani Magharibi akiangalia shamba, ameshaambiwa. Walicheka, nami niliwaacha wacheke. Nilikuwa nikirudi kutoka kazini mwili unaniuma, namkuta nyuma ya mlango, namwambia habari za mchana. Sina aibu kusema nilimpenda.

Sasa pale karakanani, nikiiangalia ile pakiti, nilijua plaiwudi haitaniokoa. Panya akishakula sumu hulewa, hutafuta maji, na hupenya hata chini ya mlango. Paka wangu angeletewa kifo mpaka miguuni. Usalama ulikuwa mmoja tu, nao ni kwamba ploti nzima isiwe na sumu. Na kwa ploti kukosa sumu, lazima awepo mtu mwingine wa kuwamaliza panya.

Nikamwambia kijana nitamfungulia paka awinde. Anipe mpaka Jumapili.

Aliirudisha pakiti mfukoni. "Jumapili jioni," akasema. "Na mtoto wangu akiumwa tena kabla ya hapo, mzee, usinisalimie tena."

Nilipita vyumba vyote kuwaomba wengine nao wasitege. Walikubali upesi, upesi mno kiasi cha kunitia wasiwasi, huku wakiuliza kumbe bibi mdogo ameruhusiwa kutembea. Hata mwenye ploti nilimwendea, mama mzee Mkikuyu ambaye anakaa kwenye nyumba ya mawe pale mbele na ambaye ardhi ile ilikuwa ya baba yake. Alinijibu kwamba ploti yake haijawahi kuwa na panya, kwamba wapangaji ndio wanaokuja nao kwenye mizigo. Niliaga kabla sijasema la kunifukuzisha.

Jioni hiyo niling'oa plaiwudi. Nilisimama juu ya stuli, nikamwinua paka na kumweka kwenye ubao wa juu ya ukuta. Majirani wachache walikuwa mlangoni kutazama, kijana akiwa mmoja wao. Haukupita muda panya akatokea, mkubwa, mwenye mkia mnene, akatembea juu ya ubao ule ule kama mwenye nyumba. Walikaribiana, wakatazamana. Kisha paka wangu akaruka chini na kuja kujisugua miguuni pangu.

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Kijana hakucheka, alirudi kwake. Na mimi nilibaki pale nimeshikwa na baridi, kwa sababu nilielewa nilichokuwa nimefanya. Nilikuwa nimemlea kwa dagaa wa omena na maziwa tangu akiwa kitoto. Hakuwa mwoga wala mvivu. Hakujua tu kwamba panya ni chakula.

Ilibidi nimfundishe, na njaa ndiyo mwalimu pekee niliyemfahamu. Nilisema mchelea mwana kulia hulia yeye, nikafunika sufuria. Nilimwachia maji tu. Nikaanza kula kwenye hoteli ya kibanda ili chumba kisinuke chakula. Alilia ninapotoka na alilia ninaporudi. Alikuwa akikaa kando ya jiko lililozimwa, ananiangalia usoni, anafungua mdomo hata sauti haitoki. Jirani mmoja aliniuliza kama nimeamua kumuua mwenyewe ili sumu isipate kazi. Nilimjibu vibaya, siwezi kuandika nilivyomjibu.

Kule upande wa pili wa ukuta hali haikuwa bora. Kijana na mkewe walikuwa wakikesha kwa zamu na tochi, wakimlinda mtoto. Nikikutana na mama mtoto asubuhi kwenye mfereji wa kuchotea maji, macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyepikia kuni mbichi. Alinisalimia kwa adabu na hakuongeza neno. Afadhali angenitukana. Nilimkasirikia mumewe, nikamkasirikia mwenye ploti, nikawakasirikia panya, na nikirudi chumbani namkuta yule mwenye njaa anayenitegemea, hasira yote inanigeukia.

Jumamosi nilirudi nikakuta chumba kitupu. Paka alikuwa amepanda mwenyewe akavuka ukuta. Nilipaswa kufurahi, lakini nilizunguka ploti yote nikichungulia chini ya mapipa, nikaenda mpaka kwenye mtaro wa maji machafu nikigeuza mifuko kwa mti. Kila mlango niliopita nilijiuliza kama ni hapa, kama ni huyu aliyeniahidi huku dawa iko nyuma ya kabati. Mtu akaniambia alimwona juu ya paa. Mwingine akasema hapana, yule ni wa ploti ya pili.

Alirudi alfajiri, sikio limechanika, damu imeganda mpaka shingoni. Sijui kama ni panya au ni dume la mtaani. Alijikunja kwenye blanketi langu akitetemeka. Hapo moyo wangu ulinishinda. Nilichukua nyundo, nikapanda kwenye stuli na kurudisha kipande cha kwanza cha plaiwudi. Nilipiga msumari mmoja. Kwa pigo lile mtoto wa jirani aliamka akaanza kulia, na nikasikia mama yake akimbembeleza kwa sauti ya mtu aliyechoka hata kuchoka.

Niling'oa ule msumari. Sikufanya hivyo kwa wema. Nilishindwa tu kuupiga wa pili huku nikimsikia.

Jumapili asubuhi ploti ilienda kanisani. Kijana naye alitoka, alikuwa ameitwa kumaliza kazi ya watu mahali. Kukawa kimya kabisa, na ukimya wa namna hiyo panya huujua. Tulikuwa tumebaki mimi na mama mtoto, kila mmoja kwake, na kule juu niliwasikia wameanza kukimbizana mchana kweupe. Ndipo akagonga mlango wangu, mtoto mkononi, mwili unayumba.

"Mzee, mimi nimeshindwa kukaa macho," akasema. "Mlete tu ndani kwangu. Kama hawezi, basi hawezi."

Nilimbeba paka nikamwingiza kwao. Mama mtoto alimlaza mtoto kitandani, akaketi kando yake na kuegemea ukuta. Mimi nilibaki mlangoni, kwa kuwa si vizuri kuingia chumbani mwa mke wa mtu, mumewe akiwa hayupo, na mlango tuliuacha wazi.

Paka alinusa sakafu. Alinusa beseni la nguo. Kisha akapata harufu ya maziwa, akaruka kitandani.

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilikuwa nimemshindisha njaa kwa siku kadhaa, halafu nikamleta kando ya mtoto anayenuka maziwa mdomoni. Alimsogelea taratibu, shingo ameinyoosha, ndevu zake karibu ziguse shavu la mtoto. Nilitaka kumwita mama mtoto, nikaona kichwa chake kimeanguka kifuani. Alikuwa amelala ameketi. Nilitia mguu mmoja ndani. Nikipiga kelele paka angeshtuka na kucha zake ziko pale pale, nikinyamaza sijui atafanya nini. Nilijua kwamba mtoto yule akipata hata mkwaruzo sitangoja sumu ya mtu, nitamnyonga paka kwa mikono yangu, na baada ya hapo sitaweza kuishi mle.

Kwenye kamba ya neti ya mbu kitu kikasogea. Panya alikuwa anashuka kichwa chini, bila haraka, anaifahamu njia. Paka aliinua uso. Hakuangalia huku na huku kama siku ile ya kwanza. Mwili wote ulishuka kwenye shuka, makalio yakatikisika kidogo, na aliporuka sikuona kitu, nilisikia tu kishindo cha bati na mlio mmoja mfupi. Walianguka wote sakafuni. Mtoto alikunja uso, akapiga miayo, akaendelea kulala. Mama yake hakuamka.

Nilichuchumaa pale pale mlangoni. Nilimwita paka polepole, kwa sauti ninayomwitia akija kula. Nilitaka kumshika, nimwangalie sikio, nimwambie basi imetosha twende nyumbani. Alikuwa amejibanza chini ya kitanda na panya mdomoni. Nilipoingiza mkono aliniangalia akanguruma.

Hakuwa amewahi kuningurumia. Mimi ndiye niliyemnywesha maziwa kwa kidole alipokuwa hajui kunywa. Nilirudisha mkono, na nilifurahi na kuumia kwa pamoja, sijui kipi kilitangulia.

Kijana aliporudi alimkuta mkewe amelala chali mchana, mtoto kifuani, na mkia wa panya sakafuni. Alitoa ile pakiti mfukoni, akanipa.

"Enda uimwage wewe mwenyewe," akaniambia, "ndio uamini."

Niliimwaga kwenye shimo la choo nikiwa nimeshikilia pumzi, na pakiti nayo nikaitupa humo. Nikapitia dukani, nikanunua omena, nikaikaanga kwa nyanya hata chumba kizima kikanukia, nikamwekea paka fungu lake na kulipuliza lipoe.

Alikuja jioni kupitia juu ya ukuta. Manyoya yalinuka moshi wa jiko la watu wengine na mafuta ya mtoto. Aliinusa omena, akalamba mara moja tu, akakaa kujiosha uso. Aliniruhusu nilisafishe sikio. Upande wa pili mtoto alikohoa, naye akainua kichwa, akatoka mikononi mwangu. Stuli ilikuwa kando, nilikuwa nimeiweka tayari ili nimpandishe, lakini hakuihitaji. Aliruka kwenye kabati, akaruka tena mpaka kwenye ubao wa juu, na akavuka bila kugeuka kuniangalia.