Enid Throup Aliyewahamasisha Majirani Kuhama Kampuni ya Umeme

Enid Throup alipikia watoto wa shule mjini Keighley, Uingereza, mpaka akastaafu, na kwa miaka yote hiyo alijifunza kwamba anunuaye gunia moja la viazi hapewi bei ya anunuaye vya shule nzima. Kwa hiyo halmashauri ilipotangaza kwamba itakusanya majina ya wakazi, kisha kampuni za umeme na gesi zishindane kwa mnada kulipata kundi zima, mwenye bei ya chini ndiye ashinde, yeye hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Alipita mlango kwa mlango.

“Tukienda mmoja mmoja watatunyonya,” aliwaambia. “Tukienda kundi, wao ndio watatubembeleza.”

Karibu wote walijiandikisha. Aliyekataa ni Clifford Binns, dereva wa basi mstaafu.

“Hata kondoo huenda kundi, Enid. Umewauliza wanapelekwa wapi?”

Ofa zilipofika, kila nyumba ilipewa yake. Ya Enid ilionyesha nafuu kiasi, akakubali. Familia ya Hardcastle, ambayo haikuwahi kuhama kampuni tangu kuzaliwa kwa mtoto wao wa kwanza, ilipunguziwa sana hata ikamletea Enid keki. Clifford naye, kwa ubishi tu, aliipigia simu kampuni yake ya zamani akatishia kuondoka. Wakampa bei ya chini kuliko ya mshindi wa mnada. Enid aliposikia hayo, aliisukuma keki kando.

Halafu baridi ilianza. Alimkuta jirani yake, Winnie Sugden, amekaa jikoni amevaa koti, hita zote zimezimwa. Hita za Winnie ni zile za zamani, zinazojazwa joto usiku wakati umeme ni rahisi. Bei mpya haikutofautisha usiku na mchana.

“Mbona hukuniuliza kabla ya kukubali?” Enid alisema.

“Nikuulize nini, shoga? Si wewe uliyeniambia?”

 Enid alikwenda halmashauri, na binti wa pale akamweleza kwa upole kwamba ile ilikuwa bei bora kuliko zote zilizoshindanishwa. Enid aliuliza kama kampuni zote zilishindana. La, si zote. Akauliza halmashauri inapata nini. Ada ndogo, kwa kila nyumba inayohama, ndiyo inayolipia shughuli. Enid alitoka pale asijue kama ametendewa wema au amechezewa shere. Hakuna aliyemdanganya, hilo ndilo lililomchanganya zaidi.

Alirudi kwa Winnie, wakashinda asubuhi nzima kwenye simu wakisikilizishwa muziki, mpaka wakapata kampuni yenye bei ya usiku. Hita zikapata moto tena, na Winnie akavua koti.

Mwaka uliofuata halmashauri ilitangaza tena, na mama Hardcastle akaja kuuliza kama wanaingia.

“Wewe ulifaidi, Winnie akaumia, na Clifford hakuingia akatupita sote,” Enid alisema. “Mimi nilipata kidogo, na sijui kama ni mnada au ni kwa kuwa nilikuwa nazima taa. Usinifuate mimi, mpenzi. Pigia kampuni yako kwanza, ulinganishe.”

Mama Hardcastle alipoondoka, Enid alijiandikisha mwenyewe. Gail, binti yake, alimuuliza sababu. Enid alisema hajui, ila kujiandikisha si kukubali.