Kiwanja cha Imaculata

Imaculata alizaliwa Umatengoni, kwenye miteremko ambako nyasi za shambani hazichomwi. Wanaume huzifyeka na kuzilaza miraba miraba, wanawake huchimba katikati ya kila mraba na kuzifukia kwa udongo, na juu yake hupandwa maharage. Hiyo ndiyo ngoro. Darasani hakuingia hata siku moja, lakini ngoro aliijua tangu utotoni.

Osmund alimwoa, akamleta Songea, akamjengea vyumba viwili Majengo. Kisha zikavuma habari za mawe ya thamani Tunduru. Osmund akapanda basi, akasema anakwenda kujaribu bahati. Bahati aliipata: akaoa hukohuko. Binti yao wa pekee, Tumsifu, alikwishaolewa Madaba, ana watoto wake na shida zake. Imaculata akabaki na vyumba viwili, na nyuma yake kiwanja cha udongo mwekundu uliochoka, usiotoa hata mchicha.

Ndipo akawaomba wanawake wa sokoni wamletee maganda ya ndizi na majani ya kabichi. Walicheka, lakini wakaleta, kwa sababu korongo la kutupia lilikuwa mbali. Ikawa kila jioni, "Hodi, Mama Tumsifu!" naye, "Karibuni, mwageni pale!" Akayalaza miraba miraba mwenyewe, akachimba mwenyewe, kazi ya mume na ya mke.

Mwanaheri, Myao aliyeuza nyanya, ndiye aliyekawia kuondoka kuliko wote.

"Shoga, unapanda uchafu. Utavuna nini, makopo?"

"Nitavuna mboga nikulishe, labda utanyamaza."

"Mimi ninyamaze? Wallahi hata kaburini nitasema!"

Imaculata hakumwambia mtu kwamba hata udongo ungekuwa mzuri, angewaita vilevile.

Mwaka wa tisini na nne ukaja uchaguzi wa madiwani, wa kwanza wenye vyama vingi. Vyama vilikuwa tofauti, hotuba ilikuwa moja: taka. Sokoni zimejaa, mitaro imeziba, pa karibu pa kuzipeleka hapana. Otto, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, aligombea, na mkutano wake akaufanyia nyuma ya nyumba ya Imaculata. Akamwita mbele, akamwinua mkono.

"Mnamwona mama huyu? Wakubwa wameshindwa, yeye ametoa kiwanja chake kwa ajili ya taka za Majengo! Mama, si kweli?"

"Kweli," akasema Imaculata. Watu walileta, yeye alipokea, angekana nini? Na tangu Osmund aondoke, hakuna aliyewahi kumshika mkono mbele za watu. Vigelegele vikapigwa, akafungwa khanga mpya kiunoni. Siku ya kura alimpa Otto kura yake.

Otto akashinda. Kabla mvua hazijaanza, likaja trekta la kukodi na tela lake, likamwaga juu ya ngoro: chupa zilizovunjika, mifuko ya nailoni, betri, kuku waliokufa. Kesho yake likaja tena. Imaculata akajifunga khanga, akaenda dukani kwa Otto.

"Mheshimiwa, umenigeuzia kwangu jalala."

"Mimi? Mama yangu, kiwanja si ulikitoa mwenyewe? Majengo nzima imesikia."

"Nilitoa mahali pa kumwaga maganda. Kiwanja sikutoa."

"Basi mwambie mzee wako aje, tuzungumze wanaume."

Wateja waliokuwa wakinunua misumari wakacheka. Nani Majengo hakujua Osmund yuko wapi?

Kutoka pale akaenda sokoni. "Mwanaheri, twende ukanisemee. Wewe unajua nilichoomba."

Mwanaheri akainamia nyanya zake, akazipanga upya, ingawa zilikuwa zimepangika. "Meza hii kanitafutia Otto, shoga. Usiniponze."

Imaculata akarudi nyumbani, akachukua jembe. Njia ya tela ilikuwa moja tu, uchochoro kati ya nyumba yake na ukuta wa jirani. Akachimba ngoro hapo, pana na yenye kina, na kwa kuwa hakuwa na nyasi, alifukia takataka zilezile. Asubuhi gurudumu la mbele likazama. Dereva akatukana, watu wakajaa, Otto akaitwa.

"Mama, fukia shimo hili."

"Si shimo. Ni shamba langu."

Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyemtetea. Trekta likavutwa kwa kamba, tela likamwagwa barabarani mbele ya mlango wake, wakaenda zao. Halikurudi tena. Lakini sokoni taka zikaanza kurundikana kama zamani, na lawama zikapata mwenyewe: Mmatengo yule, mwenye roho mbaya, aliyekula khanga ya watu kisha akawageuka.

Mvua zote zile alizimaliza akiokota vigae vya chupa ngoroni na kubeba kwa karai rundo la mlangoni kulipeleka korongoni. Mwezi wa tatu maboga aliyoyapanda humo yakazaa hadi yakapanda ukuta. Akachuma moja kubwa, akalipika lote, kama anayepikia nyumba yenye watu. Akala vipande viwili.

Jioni wanawake wakapita na mabeseni ya maganda kichwani, wakielekea korongoni. Sauti ya Mwanaheri ilikuwa juu ya zote. Walipofika usawa wa mlango wake wakanyamaza, na walipoupita wakaendelea. Kiwanja kilikuwa chake. Imaculata akachukua jembe, akaenda nyuma kufukia maganda ya boga lake.