Kericho Hadi Doha, na Kurudi Bila Chai

Niliondoka Kericho mwaka ule mashine za kuchuma chai zilipomtoa mama shambani. Alikuwa amechuma tangu kabla sijazaliwa, na vidole vyake vilibaki na weusi usiotoka kwa sabuni. Nikasema nitaenda Doha kuendesha gari. Asubuhi ya safari alinipikia chai, akasimama mlangoni mpaka nikaimaliza. "Huko usisahau tumbo lako limejengwa na nini," akaniambia.

Doha ilinipokea kwa vumbi. Jua lilionekana kama liko nyuma ya pazia, na miezi ya kwanza niliishi kama mtu ambaye hajaamka vizuri. Nilikaa mtaa wa Najma, chumba kimoja na Saidi wa Tanga, dereva mwenzangu. Jioni tulisimamisha gari mbele ya kibanda, Saidi akapiga honi, tukaletewa karak dirishani, chai ya maziwa iliyochemshwa mpaka ikawa nzito, yenye iliki. Nikiwa na kikombe kile nilisahau kwamba niko mbali.

Kila asubuhi ilikuwa barabara ya Lusail. Nilimpeleka Madam kazini, mama wa Kimarekani mwenye nywele nyeupe. Mji wenyewe ulikuwa bado mchanga na winchi, na kwenye ukungu winchi zile zilielea tu, hazina miguu. Madam hakugusa karak hata siku moja. Nilipomuuliza, alisema yeye ni Mmormoni, na dini yao haitumii chai wala kahawa. Kisha akanisimulia habari za babu wa babu yake.

Babu huyo alizaliwa Norwei, akahamia Amerika angali kijana. Huko akakutana na Wamormoni, akabatizwa. Kuacha kanisa la Kilutheri hakukumtesa kama kuacha kahawa, maana mama yake ndiye aliyempikia kila alfajiri. Akaandika barua nyumbani kueleza yote mawili. Mama hakujibu. Akaandika tena kila mwaka, mpaka mama akafa.

"Mbona hakurudi?" nikauliza.

"Bahari ilikuwa kubwa, Kiprono. Na alikuwa anaogopa."

Siku nyingine aliniambia wanaamini jamaa haivunjwi na kifo. Hilo ndilo lililonishika. Baba yangu alikufa nikiwa darasa la pili, nami nakumbuka koti lake tu. Madam hakunialika, sheria za nchi hazimruhusu kueneza dini yake. Mimi ndiye niliyezidi kuuliza, hadi Ijumaa moja, maana huko hata Wakristo husali Ijumaa, nikabatizwa. Saidi alicheka mpaka akaegemea usukani. "Mtu wa Kericho kukataa chai! Bora ungesilimu, ungebaki na kikombe chako."

Sikutaka kumwandikia mama. Nikaomba likizo, na njia nzima ndani ya ndege nilipanga maneno, nikayapangua. Niliogopa mama ataona nimemkana.

Kericho mvua ilikuwa inanyesha. Mama alikwisha kuipua sufuria ya chai, akaniwekea kikombe.

"Mama, siwezi kuinywa."

Nikamweleza yote: ubatizo, baba, yule Mnorwei. Akatazama vidole vyake.

"Kumbe miaka yote nilikuwa nachuma sumu?"

"Si sumu, mama. Ni ahadi niliyoweka."

Akapangusa meza kwa kiganja. Nilisikia mvua tu juu ya mabati.

"Huyo mama wa Norwei hakujibu kabisa?"

"Hakujibu."

Akainuka, akaangua kibuyu cha baba ukutani. Mama hanywi mursik, maziwa yetu ya kugandisha kibuyuni, lakini tangu baba afe hakuacha kukijaza maziwa yale, yakilala humo bila mnywaji. Nilipokuwa Doha nikiota jamaa isiyovunjika, yeye alikuwa akiitunza kwa mikono yake. Hilo nilijifunza nyumbani, baada ya kwenda kote huko.

Akanimiminia. Kisha akakivuta kile kikombe changu cha chai upande wake.

"Mimi nimejibu," akasema. "Kunywa."